Maduka ya Kituo cha Meli za Kitalii Yakae Wapi?

Swali: Ninasomea usanifu majengo, na mradi wangu wa mwisho ni kituo cha abiria wa meli za kitalii mjini Mombasa. Ghorofa nzima ya kwanza, mita za mraba 2,000, nimeifanya maduka ambayo kila abiria atayapitia anaposhuka melini kabla ya kutoka nje. Msimamizi wangu amenirudishia mchoro akisema maduka hayo hayatauza. Nimekosea wapi, na ukubwa wa eneo hukokotolewaje?

Jibu: Umewapangia wageni wako kununua asubuhi, ilhali asubuhi hawana nafasi. Meli nyingi zinazofunga gati Kilindini hupita tu: huingia mapema, huondoka jioni au usiku, na mizigo ya abiria hubaki vyumbani mwao. Mgeni anaposhuka, mwongozaji amekwisha kuinua kibao chenye namba ya basi, na yule anayekwenda Tsavo Mashariki anajua kwamba kila dakika anayosimama anaipunguza mbugani. Hata anayekwenda Fort Jesus na Mji wa Kale hataki kuzunguka siku nzima akibeba kinyago.

Mkono huingia mfukoni wakati wa kurudi. Jioni mgeni ameshaiona leso ikivaliwa, ameshajifunza kwamba ina jina lililoandikwa, na sasa anataka kujua leso hii aliyoishika yasemaje. Kinachomzuia ni hofu ya kuachwa na meli. Kwa sababu hiyo mimi huyaweka maduka ng'ambo ya ukaguzi wa usalama wa kurudi, upande wa gati, mahali ambapo meli inaonekana kupitia kioo. Akishavuka lango na kuiona ngazi ya meli mbele yake, moyo hutulia. Lakini foleni ikiwa ndefu hula dakika zote za ununuzi, kwa hiyo malango nayo yahesabiwe: mtu mmoja akichukua sekunde 10, lango moja hupitisha watu 360 kwa saa.

Sasa ukubwa. Tuchukue meli ya abiria 2,000, tukadirie kwamba 1,400 wameshuka, na kwamba nusu yao, yaani 700, wanarejea katika dakika 90 za mwisho. Lango moja litapitisha 540 katika muda huo, basi unahitaji mawili. Kila mtu akikaa madukani dakika 20, utakuwa na wanunuzi wapatao 156 kwa wakati mmoja. Ukiwapa mita za mraba 3 kila mmoja, unapata mita 468, na stoo juu yake. Makadirio haya ubadilishe kwa meli unayoilenga, ila utaona jinsi 2,000 ilivyo mbali. Ukumbi mkubwa wenye watu wachache huonekana umefungwa, na mgeni hupita bila kugeuka.

Maduka pia yashuke chini. Wengi wa abiria hawa ni wazee, baadhi yao hutembea kwa mkongojo au kiti cha magurudumu. Ukifikiria kuiunganisha ghorofa na meli kwa daraja lisilosogea, kumbuka kwamba wakati wa bamvua maji ya Kilindini hupanda na kushuka zaidi ya mita 3.

Msimu wa meli hizi huku kwetu ni takriban Novemba hadi Aprili, na hapa ndipo ninapoomba utumie muda mwingi zaidi. Kituo cha Mombasa kilipatikana kwa kubadilisha ghala la zamani la mizigo, na ndani yake mlipangwa migahawa na nafasi ya mikutano pamoja na maduka, kwa kuwa jengo haliwezi kungoja meli miezi sita. Hata hivyo, kanuni za kimataifa za usalama wa meli na bandari, zinazotumika tangu Julai 2004, hazimruhusu mwananchi kuingia gatini ovyo. Yape basi maduka ya mafundi milango miwili, mmoja wa gatini na mwingine wa mjini. Siku ya meli ule wa mjini ufungwe, na bidhaa zikaguliwe mapema. Duka lisilotozwa ushuru libaki ndani peke yake chini ya forodha.

Mchongaji mpe sakafu ya kufanyia kazi. Mgeni aliyeona tezo ikiambua vibanzi na uso wa twiga ukijitokeza hahitaji kushawishiwa. Mpe pia meza ya kufungashia na mahali pa kubandika tangazo kwamba gamba la kasa halisafirishwi, na kwamba Australia hutaka vitu vya mti vitangazwe wakati wa kuingia.

Usiwasahau mabaharia. Hushuka kwa saa chache wakitafuta intaneti, dawa, sabuni na pa kutuma pesa nyumbani, nao hurudi bandari ileile safari baada ya safari. Duka lao liwe karibu kabisa na ngazi.