Barua kwa mwanangu: umeokoka na bado hofu inarudi

Mwanangu mpendwa,

Meseji yako nimerudia kuisoma. Umeniuliza kama umeokoka na umeombewa mbona usiku hofu bado inakurudia, na yale mawazo kwamba hufai, tena ukauliza kama kwenda kwa mshauri na kumeza dawa za daktari ni kukosa imani. Hapana mwanangu, na anayekwambia hivyo, hata kama ni mtumishi wa Mungu, mwambie kwa heshima akasome 1 Wafalme 19.

Pale Eliya ametoka tu kuona moto ukishuka mlima Karmeli, malkia Yezebeli anatuma ujumbe kwamba atamuua, basi anakimbilia jangwani anakaa chini ya mti wa mretemu anaomba afe. Nabii kabisa! Na Mungu hakumkemea wala hakumwambia ana pepo. Alimwacha alale, malaika akamgusa akamwambia inuka ule, kulikuwa na mkate na maji, akala akalala tena, akaguswa mara ya pili akala, ndo akapata nguvu za kwenda siku 40 mpaka mlima Horebu. Huko sasa ndo akaulizwa unafanya nini hapa, akamwaga yote ya moyoni, alijua amebaki peke yake kumbe Mungu ana watu 7,000 ambao hawajampigia Baali magoti, na akapewa Elisha wa kutembea naye. Mwili ulianza, mawazo yakanyooshwa, halafu akapata mtu wa karibu. Mungu hakuruka hata moja kati ya hayo.

Ile Warumi 12:2 ya kufanywa upya nia Paulo aliwaandikia watu ambao tayari wameamini, kwahiyo kuokoka hakufuti siku hiyohiyo mawazo uliyoyabeba tangu utotoni. Wazo likikwambia huna thamani usilimeze tu, liweke mbele ya Neno ulijibu, na likirudi kesho unalijibu tena, kuchoka sio dhambi. Na Luka alikuwa tabibu, yaani daktari, na Paulo akamwita mpendwa.

Dawa usiziache bila kuongea na daktari wako, maombi nayo endelea, vyote viende pamoja. Usingizi ukigoma nipigie hata saa nane usiku, usiwaze kama nimelala. Na kama hayo ya Eliya ya kutaka kufa yamewahi kukujia niambie wazi, sitakuhubiria, nitakuja.

Nakupenda sana.
Mama yako