Barua kwa Mzee wa Reli: Nilimpeleka mtoto kwenye treni, sasa wananikabidhi hazina

*Safu hii inajibiwa na mzaliwa wa makazi ya reli, Tabora, mtoto wa gadi wa treni, ambaye sasa anaishi Ohio na ana mfano mdogo wa njia ya reli ya Tabora–Kigoma kwenye ghorofa ya chini ya nyumba yake.*

Shikamoo Mzee. Mimi nahudumia wazee zamu ya usiku hapa Columbus. Mwanangu ana miaka 13 na hana habari na kitu kingine ila treni. Nilimpeleka kwenye klabu ya treni ndogo, wale walio chini ya NMRA, na kwa kuwa siwezi kumwacha peke yake na mimi nikawa nabaki. Nikaanza kupanga viti, kisha nikawekwa mlangoni kukata tiketi siku ya maonyesho. Sasa mweka hazina wao anahamia Florida, na kiongozi wa divisheni ameniomba nigombee nafasi hiyo. Sijawahi kuunda hata behewa moja. Wenzangu karibu wote ni wazee wa Kizungu waliostaafu, watu wapole, ila wakianza mazungumzo yao naambulia nusu. Mume wangu anasema wamepata kibarua wa bure. Nikubali? — *Mama Baraka, Columbus*

Marahaba, Mama Baraka. Mumeo hajakosea sana. Ni kazi ya bure, na ni kweli wanamsaka mtu. Mimi ningekubali, kwa masharti nitakayokutajia, lakini kwanza ujue unaingia wapi.

NMRA ni chama cha waunda reli ndogo wa Marekani, kilichoanzishwa Milwaukee, Wisconsin, mwaka 1935. Kilizaliwa kwa kero: ulikuwa ukinunua behewa kwa mtengenezaji huyu na reli kwa yule, magurudumu hayakai, na koplingi, vile viungo vya behewa na behewa, hazishikani. Watu waliokuwa na kazi zao nyingine wakakaa jioni, wakaandika vipimo. Upana wa njia uwe kiasi gani, gurudumu na mwenzake viachane vipi, ukingo wa gurudumu uwe na umbo gani. Miaka ya 1990 chama hicho hicho kikaweka viwango vya mfumo wa kidijitali unaokipa kila kichwa cha treni namba yake, ndiyo maana mwanao anaweza kupeleka kichwa kimoja mbele na mwenziwe akarudisha kingine nyuma kwenye reli zile zile. Leo Baraka akiweka behewa lake kwenye njia ya mzee asiyemjua, likatembea, ujue kuna watu walikaa vikao vingi bila posho.

Chini ya chama kuna kanda, na chini ya kanda kuna divisheni. Ninyi wa Columbus mko kanda ya Mid-Central. Divisheni nyingi zimeazima vyeo kutoka kampuni za reli za zamani: kiongozi anaitwa superintendenti, katibu ni karani, na mweka hazina ni mlipaji, yule ambaye zamani alipanda behewa la mishahara akawafuata vibarua huko huko waliko njiani. Hicho ndicho cheo unachopewa.

Hilo la kutounda behewa lisikunyime usingizi. Chama kina mpango wa vyeti, vyeti 11 kwa jumla, vimepangwa katika makundi manne. Kuna kundi la vichwa na mabehewa, kundi la majengo na mandhari, kundi la ujenzi na uendeshaji wa njia, na kundi la kuwatumikia wenzako. Anayetaka kuitwa Bingwa wa Reli Ndogo lazima apate vyeti 7, na lazima kimoja angalau kitoke katika kila kundi. Maana yake fundi mwenye mikono ya dhahabu, anayechonga kichwa cha mvuke kutoka kipande cha shaba, habandikwi ubingwa mpaka awe ameshika uongozi, amejitolea, au ameandika makala za kuwafundisha wengine. Wewe umeanzia mlango ambao wengi wao wanaukwepa mpaka mwisho. Cheti cha kujitolea kinahitaji vipande 60 vya muda wa utumishi, kwa namna chama kinavyovihesabu, na kusimama mlangoni kukata tiketi si kazi ya kudharau hapo. Mwulize msimamizi wa vyeti wa divisheni yenu leo, aanze kukuandikia. Nawafahamu wazee waliopanga maonyesho tangu nywele nyeusi na hawana karatasi hata moja, kwa sababu kila mmoja alidhani mwenziwe anaandika.

Sasa kazi yenyewe. Fedha za divisheni kwa kawaida zinaingia kwa msimu. Maonyesho ya mwaka ndiyo shamba: wauzaji wanalipia meza, wageni wanalipa kiingilio, na pembeni kuna bahati nasibu ya kichwa kipya cha treni. Zinatoka kwenye kodi ya ukumbi, bima, chakula cha wajitoleaji na matengenezo ya vipande vya njia. Kabla hujasema ndiyo, omba uone mambo matatu: taarifa ya benki ya mwaka mzima, katiba ya divisheni, na mkataba wa ukumbi wa maonyesho yajayo. Usiombe kwa kunong'ona kana kwamba unamshuku mtu. Mweka hazina yeyote duniani anakabidhiwa kwa maandishi. Wakikwambia vitabu viko kwenye sanduku mahali fulani kwa fulani, waambie utagombea sanduku likipatikana.

Masharti yangu ni haya, na ningeyasema mbele ya mkutano, si pembeni kwenye maegesho. Benki wawe waweka saini wawili, na wasiwe wa nyumba moja. Siku ya maonyesho, fedha za mlangoni zihesabiwe na watu wawili hapo hapo ukumbini, wote wasaini karatasi, na hakuna anayepeleka bahasha nyumbani kwake kwa sababu benki imefungwa. Muhula wako uandikwe unaanza lini na unaisha lini. Na tangu siku ya kwanza uwe na msaidizi anayejifunza, hata kama ni mzee wa miaka 75 anayekwambia hajui kompyuta. Wewe unafanya zamu ya usiku. Siku zamu ikibadilishwa, ukumbi usikose kulipiwa kwa sababu Mama Baraka amelala.

Halafu kuna ufunguo wa trela. Kila klabu niliyoiona ina trela la kubebea vipande vya njia, na kuna ufunguo wake. Usiupokee! Anayeupokea ufunguo ndiye anayelivuta, ndiye anayelilipia tairi, ndiye anayeamshwa Jumamosi saa kumi na moja alfajiri ukumbi ukifunguliwa, na akizeeka anazeeka nao. Wewe ni wa hazina. Trela lina mwenyewe, na kama halina, hilo ni tatizo la superintendenti.

Kuhusu maongezi usiyoyaelewa, dawa si kamusi. Omba upangiwe kazi usiku wa uendeshaji. Nitakueleza unavyokuwa kwangu, kwa sababu mikutano ya klabu peke yake haionyeshi watu hawa wanapenda nini. Wanakuja wanane au tisa, wanashuka ngazi, kila mmoja anachukua cheo. Mmoja ni kontrola, anakaa chumba kingine asizione treni, ana karatasi na simu tu. Mmoja anashika yadi ya Tabora, anashanti mabehewa, yaani anayasogeza na kuyapanga. Wengine ni madereva. Kila behewa lina kadi yake, na ndani ya kadi kuna hati ya mzigo: hili ni la chumvi, linatoka Uvinza, linakwenda Dar es Salaam, hili ni tupu, liachwe Kaliua lisubiri treni ya Mpanda. Ukutani kuna saa inayokimbia mara nne ya saa ya kawaida, kwa hiyo usiku mzima wa reli unaisha kabla ya muda wa kulala. Dereva haondoki stesheni mpaka kontrola amruhusu. Akiondoka kabla, anakutana uso kwa uso na mwenziwe kwenye njia moja, na wote wanacheka ila kontrola. Nina rafiki hapa, dereva mstaafu wa treni kubwa za mizigo, ambaye sasa anatamka Uvinza vizuri kuliko wapwa zangu waliozaliwa huku.

Keti usiku mmoja karibu na yule wa yadi, usome kadi na Baraka. Mtu anayepanga dawa za wagonjwa kwa saa na kitanda ataielewa yadi haraka kuliko anavyodhani. Mchukue na mumeo. Usimwambie anakuja kujitolea. Mwambie kuna pizza, na mpe treni ya mizigo ya polepole.

Habari ya huko Mzee. Tuko vijana watano Nairobi, tunataka kuanzisha klabu. Wawili wanataka SGR, ile reli mpya, wawili wanataka Garratt, vile vichwa vya mvuke vya zamani, na mmoja anataka uenyekiti. Tuanzie wapi? — *Watano wa Makadara*

Huyo wa tano mwacheni kwanza. Klabu nyingi changa huanza na mwenyekiti, muhuri na fulana, zikafa kabla ya reli ya kwanza kupigiliwa. Anzeni na ubao wa mwisho.

Ngoja nieleze. Kila mmoja wenu ajenge kipande chake nyumbani, kwa urefu na mandhari anayotaka, lakini pale kipande kinapounganika na cha mwenziwe, pande zote mbili ziwe sawa: urefu kutoka sakafuni, mahali reli inapotokea, matundu ya bolti, na plagi ya umeme. Huko Marekani mtindo huo una wafuasi wengi, na uzuri wake ni kwamba klabu haihitaji jengo. Mnahitaji tu ukumbi wa kanisa au wa shule kwa siku moja. Mkikubaliana ubao huo na mkauandika kwenye karatasi moja, mmeshafanya kikao chenu cha kwanza cha maana, na aliyeuchora ndiye mwenyekiti wa kweli, atake asitake.

Ugomvi wa SGR na Garratt una suluhu ya hesabu. Kwa kipimo cha HO, yaani 1 kwa 87, reli ya SGR ya milimita 1,435 inashuka kuwa 16.5, na hiyo ndiyo reli ya HO inayouzwa kila mahali. Reli ya zamani ya mita moja inashuka kuwa karibu milimita 12, ambayo nayo inapatikana, ingawa kwa kuagiza na kwa bei isiyo na huruma. Kwa hiyo jengeni kipimo kimoja chenye njia mbili sambamba, kama zilivyo kwenu katika nchi yenyewe tangu mwaka 2017. Nyumba, miti, watu na matatu vyote vitatumika pande zote.

Wa Garratt wana bahati ambayo mimi huku sina. Jumba la Makumbusho ya Reli la Nairobi lina Garratt mbili za daraja la 59, namba 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. Zilijengwa 34 na Beyer Peacock wa Manchester, miaka ya 1955 na 1956, zikapewa majina ya milima yetu. Nendeni na futi kamba, daftari na simu, mpige picha kila riveti. Tahadhari moja tu: kichwa hicho kina urefu wa mita 30 na ushei, na hata kikipunguzwa mara 87 bado kinapita rula ya shule. Kinapinda vizuri kwa sababu kimekatika sehemu tatu, lakini tumbo la boila linaingia ndani ya kona, kwa hiyo msipande miti karibu na reli hapo.

Kwa mandhari msiagize kitu. Udongo mwekundu uliochekechwa, nyuzi za mkonge zilizokatwa fupi ziwe nyasi, na majani ya chai yaliyokwisha kupikwa, yakaushwe vizuri, ndiyo majani makavu chini ya miti. Gundi nyeupe ya maremala, maji, na tone la sabuni ya kuoshea vyombo, kazi imekwisha.

Mzee, salaam. Kichwa changu cha treni kinazima kila kikifika kwenye pointi, pale reli zinapogawanyika, na behewa moja huanguka hapo hapo. Nimebadilisha kichwa mara mbili. — *Msomaji, Minneapolis*

Usibadilishe cha tatu. Hayo ni magonjwa mawili yaliyokutana mahali pamoja. Kuzima ni uchafu au umeme usiofika: futa reli na magurudumu kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi, kisha pima kama ule ulimi wa pointi unapata umeme wake wenyewe au unategemea kugusana tu. Kama unategemea kugusana, uunganishie waya. Kuanguka ni gurudumu: nunua kile kipimo cha chuma cha NMRA, kibati kidogo chenye mikato, uweke magurudumu ya behewa ndani yake. Nadhani utayakuta yamekaribiana mno. Yavute taratibu huku ukiyazungusha, pima tena, kisha lipitishe behewa kwenye pointi kwa kidole kabla ya kulifunga kwenye treni.