Maine 2018: aliyeongoza hesabu ya kwanza hakuibiwa

Ndugu mleta mada, umeuliza imekuwaje Bruce Poliquin wa chama cha Republican aongoze kwa kura zaidi ya 2,000 katika kinyang'anyiro cha kiti cha Baraza la Wawakilishi la Marekani cha wilaya ya pili ya uchaguzi ya jimbo la Maine mwaka 2018, kisha siku tisa baadaye Jared Golden wa Democrat atangazwe mshindi, na ukamalizia kwa kusema kwamba hapo pana mkono wa mtu. Mimi naishi Lewiston, ndani ya wilaya hiyohiyo, na uchaguzi ule ndio wa kwanza niliopiga kura baada ya kupata uraia. Mwaka 2022 nilifanya kazi ya karani kituoni. Nakujibu kirefu kwa sababu neno wizi ni zito, na wengi wetu tunaotoka katika nchi ambazo matokeo yakibadilika usiku huwa kuna jambo, tunalitamka kabla hatujaitazama karatasi yenyewe ya kura.

Karatasi hiyo ina majina ya wagombea upande wa kushoto, na mbele ya kila jina kuna safu ya viduara: kiduara cha chaguo la kwanza, cha la pili, cha la tatu, na kuendelea. Mpiga kura anajaza kwa kalamu kiduara kimoja kwa kila chaguo, au anaishia chaguo la kwanza akitaka. Kura za chaguo la kwanza zikihesabiwa na mmoja akavuka nusu, kazi imekwisha. Asipopatikana, walio mkiani wanaondolewa, na kila karatasi iliyokuwa yao inahamia kwa yule ambaye mwenye karatasi alimweka wa pili. Anayezijua taratibu za Kenya, ambako mgombea urais asipopata zaidi ya nusu ya kura wananchi hurudi vituoni kwa duru ya pili, aichukulie kura ya Maine kuwa ni duru ya pili iliyokwisha kuandikwa siku ileile, kwenye karatasi ileile.

Sasa tazama hesabu. Uchaguzi ulifanyika tarehe 6 Novemba, na katika hesabu ya kwanza Poliquin alipata kura 134,184, Golden 132,013, Tiffany Bond 16,552 na William Hoar 6,875, hawa wawili wa mwisho wakiwa wagombea binafsi. Poliquin alikuwa na asilimia 46 na Golden asilimia 45 na ushei, kwa hiyo hakuna aliyefikia nusu. Kura zikakusanywa kutoka miji yote ya wilaya hadi Augusta, makao makuu ya jimbo, zikaunganishwa hadharani, na tarehe 15 Novemba Bond na Hoar wakaondolewa kwa pamoja. Katika karatasi zao 23,427, Golden aliongezewa 10,427 na Poliquin 4,747. Jumla ikawa 142,440 kwa Golden na 138,931 kwa Poliquin. Hata kura moja ya Poliquin haikupungua. Aliongezewa kama mwenzake, ila aliongezewa kidogo, kwa sababu wengi wa waliompenda Bond au Hoar na wakachagua mtu wa pili hawakumchagua yeye. Alikwenda mahakamani kudai kwamba utaratibu huo unakiuka katiba ya Marekani, na tarehe 13 Desemba jaji Lance Walker, ambaye aliteuliwa na Trump mwaka huohuo, alilikataa dai lake. Alikuwa pia ameomba kura zihesabiwe upya, kisha akaliacha ombi hilo.

Ukitaka mahali pa kuumia, usiumie kwa Poliquin. Umia kwa zile karatasi 8,253 zilizobaki, ambazo hazikwenda kwa yeyote kwa kuwa wenyewe hawakuweka chaguo la pili linalofaa. Mwaka 2022 nilikuwa nimesimama kwenye meza ya karatasi zilizoharibika wakati mzee mmoja Mkongo, ambaye Kiswahili chake cha Bukavu nilikitambua mara moja, alipoileta karatasi yake akaniuliza kama ameijaza sawasawa. Alikuwa amejaza viduara vyote vya mstari mmoja, jina lilelile chaguo la kwanza hadi la mwisho, akiamini kwamba hivyo anampa mtu wake nguvu zaidi. Nilimweleza utaratibu bila kumwambia amchague nani: kumrudia mtu mmoja hakumwongezei kitu, na mtu huyo akiondolewa, karatasi inakufa pamoja naye. Akapewa karatasi nyingine, akarudi kibandani, akakaa humo muda mrefu. Nadhani kasoro kubwa ya utaratibu huu ni kwamba unaeleweka haraka kwa aliyesoma na polepole kwa aliyekuja juzi, na elimu ya mpiga kura kwa lugha zetu bado ni haba.

Kinachozidisha mkanganyiko ni kwamba kura hii haitumiki kwa kila nafasi. Wananchi waliipitisha kwa kura ya maoni mwaka 2016, wengi wakiwa wamechoshwa na magavana wanaoshinda kwa theluthi na ushei. Angus King aliupata ugavana mwaka 1994 kwa asilimia 35, na Paul LePage mwaka 2010 kwa asilimia zisizofika 38. Mwaka 2017 majaji wa mahakama ya juu ya Maine wakatoa maoni kwamba katiba ya jimbo inampa ugavana anayepata kura nyingi kuliko wenzake, hata zisipofika nusu. Kwa hiyo nafasi iliyozua hasira yote hiyo bado inapigiwa kura kwa njia ya zamani katika uchaguzi mkuu, huku Seneti na Baraza la Wawakilishi la Marekani vikipigiwa kwa utaratibu huu wa kupanga wagombea kwa machaguo. Napo haimaanishi kwamba duru ya pili hufanyika kila mara: mwaka 2020, katika kugombea Seneti, Susan Collins wa Republican alivuka nusu katika hesabu ya kwanza dhidi ya Sara Gideon wa Democrat, ikaishia hapo.

Mdau mwingine amesema wilaya hii ni ya Democrat, ndiyo maana "ilipangwa". Sivyo. Tangu mwaka 1972 Maine hugawa kura zake 4 za wajumbe wanaomchagua rais, 2 kwa mshindi wa jimbo zima na 1 kwa mshindi wa kila wilaya, na Trump ameichukua ile moja ya wilaya yetu mwaka 2016, 2020 na 2024. Majirani zangu walewale waliompa Trump wilaya hii mwaka 2020 na 2024 walimrudisha Golden bungeni katika chaguzi hizohizo.

Kumbukumbu za karatasi zote za 2018, bila majina ya wapiga kura, jimbo lilizitoa kwenye mtandao kwa mfumo wa majedwali, kila mstari karatasi moja na machaguo yake. Nilizifungua majira ya baridi ya mwaka ule, nikaanza kwa kuchuja za Hoar, kwa kuwa ni chache, nikafuata moja baada ya nyingine kuona imehamia wapi. Anza na hizo nawe.