Mradi wa Maji Ukija Kijijini Kwenu, Ulizeni Haya Mapema

Nimekulia mkoani Mara, enzi ambazo HESAWA ilikuwa midomoni mwa kila mtu. Ulikuwa mpango wa maji, afya na usafi wa mazingira uliofadhiliwa na Uswidi katika mikoa ya Kagera, Mwanza na Mara, kuanzia 1985 hadi 2002. Kisima cha pampu ya mkono kilipochimbwa kwetu, dada zangu waliacha kudamka usiku kwenda kuchota kwenye lambo tuliloshirikiana na ng'ombe. Wakawa wanawahi shule. Mama akapata muda wa bustani ya mboga. Kwa hiyo anayesema misaada ya nje haina faida yoyote, mimi na yeye hatutaelewana.

Baadaye nimekuwa mweka hazina wa kamati ya maji, na hapo ndipo nilipojua kisima hufaje. Pampu haifi ghafla. Washa, yaani vipete vya kuziba maji ndani ya silinda ya pampu, huanza kulika, maji yanachelewa kupanda, watu wanapampu kwa nguvu zaidi, mwishowe fimbo ya pampu inakatika. Washa yenyewe ni kidude kidogo cha bei nafuu. Kazi ni nani atoe hela, nani aifuate, nani aifunge. Mkianza kubishana hayo pampu ikiwa imeshakufa, kina mama wanarudi lamboni.

Kwa hiyo anzeni kutunisha mfuko mkandarasi akiwa bado yupo. Mwulizeni spea zinauzwa duka gani, mjini kwenu, si Dar es Salaam. Na mkiambiwa mchague watu wa kufundishwa ufundi wa pampu, chagueni wanawake. Kwetu vijana waliofundishwa walikwenda kuchimba dhahabu. Kina mama bado wapo, na spana wanazo.

Mtasikia wanaogoma kuchangia: "Maji tumepewa na wafadhili, mnatudai nini?" Msiwagombeze. Someni mapato na matumizi kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hufanyika kila miezi mitatu, kisha mbandike karatasi ofisi ya kijiji. Mtu akiona hela yake imenunua nini, hulipa. Sajilini pia chombo chenu cha watumia maji kwa RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanza 2019, ili kamati iwe na nguvu ya kisheria ya kukusanya hizo hela.

Swali ambalo wengi huona aibu kumwuliza mfadhili ni hili: fedha zenu zinaisha lini, na mkiondoka nani anashika? Ulizeni bila woga. Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya maendeleo ya nje, na kufikia Julai 1 USAID, shirika la misaada la nchi hiyo, ilikuwa imefungwa. Hakuna kijiji kilichoulizwa. Jibu mtakalopewa liandikwe kwenye karatasi ya makabidhiano, lisainiwe mbele ya mwenyekiti na mtendaji.

Karatasi hiyo ionyeshe pia aina ya pampu, kina cha kisima na urefu wa mabomba yaliyozamishwa. Nakala moja ikae kwa kamati, si halmashauri peke yake, maana maofisa huhamishwa na mafaili hupotea. Fundi atakayeitwa miaka kumi ijayo ataanza kwa kuuliza kina hicho kabla hajanunua bomba hata moja.