Mtoto Aliyelala na Viatu

Mtoto wa dada yangu alipoletwa kwangu, akiwa na umri wa miaka 7, alilala na viatu miguuni kwa muda wa wiki tatu. Kila usiku nilimvua akishasinzia, na kila asubuhi nilimkuta ameshavivaa tena, hadi siku moja aliponiambia bila kuulizwa, "Mama mdogo, ukisikia ufunguo mlangoni unatakiwa uwe tayari."

Dada yangu alikuwa ameniapia kwamba watoto hawajui lolote, kwa kuwa kipigo cha baba yao kilianza wakiwa wamelala. Sikumlaumu, maana mzazi anayepigwa huhitaji kuamini hivyo ili apate nguvu ya kuamka kesho yake. Lakini mtoto husikia, na mwili wake huzoea kukaa chonjo, hata akiwa mahali salama hushtuka sahani ikianguka, huanza tena kukojoa kitandani, hulalamikia tumbo lisilo na ugonjwa, au huwa mtulivu kupita kiasi. Huyo mtulivu ndiye anayesahaulika, kwa sababu hamsumbui mtu. Si bure kwamba Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, katika kifungu cha 19, unataka mtoto alindwe dhidi ya ukatili wa kimwili na wa kiakili pia.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumhoji. Nilipoacha maswali na kumwita tu tukunje nguo pamoja, mikono ikiwa na shughuli na macho hayakutani, maneno yalianza kuja yenyewe, na ndipo nilipogundua kwamba aliamini baba yake alikasirika kwa sababu yeye alimwaga maji. Nilimwambia si kosa lake, kisha nikalirudia jambo hilo kwa miezi, kwa kuwa mara moja haitoshi.

Kosa la pili, ambalo bado linaniuma, ni kumwahidi siri. Mwambie mtoto kwamba utawaeleza wale tu wanaoweza kumlinda. Na akisema kuwa naye ameumizwa, andika maneno yake kama alivyoyatamka, usimchimbe, umpeleke kwa ofisa wa ustawi wa jamii au polisi.

Usimtukane baba yake mbele yake. Aliniuliza kama baba ni mbaya, nikamjibu kwamba alichofanya ni kibaya, na kwamba yeye anaruhusiwa kumkumbuka. Kwa mtoto ambaye bado anaishi katika nyumba hiyo, la muhimu zaidi ni ajue kwamba si kazi yake kuamulia ugomvi wa wakubwa, na ajue jirani gani wa kumkimbilia. Mama naye asishinikizwe kuondoka bila mpango, maana wakati wa kuondoka ndio mara nyingi huwa na hatari kubwa kuliko wote.

Viatu vilihama polepole, kwanza kando ya mto wa kulalia, kisha chini ya kitanda. Sasa vinakaa hapo, ncha zikielekea mlangoni, nami nikimaliza kufagia huvirudisha vilevile.