Nilikuwa na .30-06, nikanunua .308

Kila inapokaribia Julai, msimu wa uwindaji ukikaribia kufunguliwa, kuna mtu hapa Dodoma ataniuliza: "Kaka, nina bunduki ya .30-06, na nimepata ya .308 safi kwa bei ya kutupa. Niichukue?" Najibu kwa uchungu kidogo, maana mimi niliichukua.

Namba hizo ni kaliba, yaani aina ya risasi ambayo bunduki inakula: .30-06 ilitoka mwaka 1906, .308 mwaka 1952, na vichwa vya risasi zao vina kipenyo kimoja. Kichwa cha greni 180 (karibu gramu 12) kikitoka kwenye .30-06 kinamzidi mwenzake mwendo kwa kama mita 25 kwa sekunde. Swala pala hajui tofauti hiyo, wala tandala. Nilinunua kazi ambayo tayari nilikuwa nayo. Hata kwenye ofisi ya vibali vya bunduki nilipoulizwa hii ya pili ni ya nini, nilibaki nakuna kichwa.

Hasara ya pesa ilikuwa ndogo. Kubwa ni maganda ya risasi. La .308 lina urefu wa milimita 51, la .30-06 milimita 63, na ukiyashika gizani yote ni shaba tu. Siku moja umeme ulikatika alfajiri, nikachukua boksi kabatini kwa kupapasa, tukaondoka kwenda upande wa Itigi. Kambini nikafungua: .308 tupu, na bunduki niliyobeba ni .30-06.

Siku ile nilipika ugali. Wenzangu walikuwa na .375, kaliba kubwa zaidi, hawakuwa na cha kuniazima. Lakini kilichonitisha ni kwamba ile risasi fupi inaweza kuingia kwenye chemba ya .30-06, pale risasi inapokaa, na bolti, yaani kifungio chake, ikafunga. Ukifyatua, ganda linaweza kupasuka humo humo, gesi ikarudi usoni. Kama ningekuwa nimechoka, na nyama ipo mbele yangu ndani ya vile vichaka vya Itigi, sijui kama ningetazama maandishi ya kwenye kitako cha risasi.

Kwa hiyo nikiulizwa, nasema chagua moja kati ya mawili. Ama ya pili iwe kaliba ile ile kabisa, boksi moja lilishe zote mbili, na ikiharibika moja porini nyingine ipo. Ama ruka mbali: uliye na .30-06 na unayemuota nyati, nenda .375, ambayo risasi yake hata kipofu ataitofautisha kwa mkono. Hapo katikati, kwenye kaliba jirani, ni mahali pa watu wanaokusanya bunduki kwa mapenzi, na sina ugomvi nao, ilimradi kila moja iwe na kabati lake.

Ile .308 niliiuza, kwa taratibu zote, kwa jamaa wa Manyoni. Swali la kwanza nililomuuliza halikuwa la bei. Nilimuuliza ana bunduki gani nyingine nyumbani. Akasema hana.