Wakili unayeutaka ubunge, anzia kijijini

Kila uchaguzi unapokaribia, mawakili vijana hupita ofisini kwangu hapa Dodoma na swali lile lile: nigombee? Nami huwauliza nani anawafahamu nje ya mahakama.

Niligombea mara moja, nikaishia kwenye kura za maoni ndani ya chama. Mkutano ulikuwa Bahi. Nikasalimia "Mbukwenyi," kisha nikapanga hoja kama niko mbele ya hakimu, kifungu kwa kifungu. Mzee mmoja akanyoosha mkono: "Mwanangu, umesema vizuri. Mjane jirani yangu alipozungushwa kuhusu shamba lake, ulimwandikia hata barua?" Sikuwa nimemwandikia. Nilikuwa mjini na kesi za kampuni. Kura zikaenda kwa mwalimu aliyekuwa akiwaandikia barua miaka yote.

Ibara ya 67 ya Katiba inataka miaka 21, kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na chama kikupendekeze. Shahada ya sheria haimo. Tundu Lissu alipochukua jimbo la Singida Mashariki mwaka 2010, alikuwa ameshafanya kazi ya uwakili wa mazingira na haki za ardhi kwa miaka mingi.

Sheria yako itahitajika ukishaingia, na zaidi kwenye kamati, ambako kamera ni chache. Niliwahi kwenda kutoa maoni ya wadau kuhusu muswada mmoja. Kifungu kilisema ofisa akikataa ombi "anaweza kutoa sababu". Nikaomba isomeke "atatoa sababu". Kwa neno la kwanza, mwananchi anategemea huruma ya ofisa. Kwa la pili, ana haki ya kudai. Mbunge aliyeliona hilo huleta jedwali la marekebisho, yaani maandishi ya mabadiliko anayotaka. Asipoliona, wanaoafiki watasema ndiyo, na muswada utaenda kwa Rais kusainiwa. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria zetu, kwa hiyo jizoeze kuandika vifungu kwa Kiswahili kuanzia sasa. Wengi wetu tulifundishwa kwa Kiingereza, na inaonekana.

Yule mjane nilimfuata baada ya kura. Tulifungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na shamba likarudi. Analima uwele.

Kabla ya kuchukua fomu, kabidhi mafaili yako kwa wakili mwenzako, ukae na kila mteja umweleze. Asije akafika mahakamani asubuhi na kuambiwa na karani kwamba wakili wake yuko kwenye kampeni.